Chemba ya oksijeni kwa miguu inayowaka moto: subiri kwanza kabla hujauza zabibu

Swali nililoletewa ni hili, nalifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, tupo Hombolo. Ana sukari mwaka wa 9 huu, anatumia metformini. Miezi kama 8 sasa nyayo zinamuwaka moto usiku, mchana anasema anakanyaga kama yuko juu ya pamba. Kuna kituo kimoja mjini wametuambia mishipa ya fahamu imekufa kwa kukosa oksijeni, wao wana chemba, laki na nusu kwa kikao na anatakiwa vikao 40. Ni milioni 6. Tumekaa kikao cha ukoo tunafikiria kuuza nusu eka ya zabibu. Itamsaidia au tunatupa hela?"

Marahaba mwanangu, na bi mkubwa mfikishie salamu yangu ya mbukwa. Nianze na jibu maana najua ndugu wanasubiri: msiuze. Angalau sio sasa. Na sio kwamba chemba ya oksijeni ni utapeli, hapana, hiyo kitu ipo na inaokoa watu, nimeiona kwa macho na nimekaa ndani yake. Shida yangu ni kwamba kwenye maelezo yako yote sijaona mahali mtu amekaa chini akauliza KWANINI mishipa ya mama inaumwa. Mtu ana miaka 9 kwenye metformini halafu hakuna aliyempima vitamini B12, wameruka moja kwa moja mpaka milioni 6.

Ngoja nikueleze chemba inafanya nini ili wakikuongelesha tena uwe unajua. Mwili wa mtu wa kawaida, chembe nyekundu za damu tayari zimebeba oksijeni karibu asilimia 97 au 98, yaani lori limeshajaa, ukimpa oksijeni zaidi kwa njia ya kawaida unaongeza kidogo sana. Ujanja wa chemba ni presha. Mgonjwa anawekwa kwenye tangi au chumba cha chuma, presha inapandishwa mpaka mara 2 au 2.5 ya ile ya usawa wa bahari na anavuta oksijeni tupu kwa dakika 60 mpaka 90 hivi, hapo oksijeni inalazimishwa kuyeyuka kwenye maji maji ya damu yenyewe, kama gesi inavyolazimishwa kukaa ndani ya soda. Kwa kawaida kwenye mililita 100 za damu oksijeni iliyoyeyuka ni mililita 0.3 tu, ukifika presha mara 3 inakuwa kama 6. Hiyo ni nyingi kweli. Mwaka 1960 kule Amsterdam daktari wa upasuaji Ite Boerema aliwaondolea nguruwe karibu chembe nyekundu zote za damu wakiwa ndani ya chemba na wakaendelea kuishi kwa oksijeni iliyoyeyuka tu. Kwa hiyo nguvu ya hii kitu siibishi.

Ukiwa ndani unahisi joto presha inapopanda, halafu masikio yanaziba kama unashuka Kitonga na basi, inabidi umeze mate au ubane pua upulize, usipofanya hivyo unaweza kupasua ngoma ya sikio. Unavaa gauni la pamba tupu. Hakuna simu, hakuna mafuta ya kujipaka, hakuna nywele za bandia zenye spray, hakuna kiberiti. Mimi siku ile nilivuliwa mpaka saa.

Sasa swali la kwanza kabisa la kuwauliza pale kituoni: hiyo chemba yenu ni ya chuma au plastiki ngumu, au ni ule mfuko laini unaofungwa kwa zipu na kujazwa upepo kwa pampu? Maana hapa ndo watu wanapigwa. Mfuko laini unaongeza presha kama 0.3 tu ya ile ya usawa wa bahari, juu ya ile ya nje. Na sisi wa Dodoma tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa yetu ni kama 0.88 ya ile ya Dar. Piga hesabu, 0.88 jumlisha 0.3 unapata 1.18. Yaani kumlaza mama kwenye ule mfuko hapa Dodoma ni sawa na kumpandisha treni mpaka Dar, umfikishe Coco Beach, halafu azame chini ya maji kama mita 1.8. Basi. Na kama ndani anavuta hewa ya kawaida, oksijeni anayoipata ni ileile ambayo angeipata kitandani kwake kwa mrija wa puani wa lita 2 kwa dakika. Kwa laki na nusu! Wengine wanaunganisha mashine ya kuchuja oksijeni humo ndani, hapo inapanda kidogo ila bado haifiki ile ya matibabu yenyewe, na oksijeni nyingi ndani ya mfuko wa zipu mimi inanitisha kwa sababu nyingine nitakayoisema huko chini.

Haya tuseme ni chemba ya kweli. Je inatibu neva, yaani hiyo mishipa ya fahamu, za mgonjwa wa sukari? Orodha ya matatizo ambayo wataalamu wa fani hii duniani wanayakubali haifiki hata 20. Kuna wapiga mbizi waliopanda juu haraka wakapata mapovu kwenye damu, ndo maana chemba nyingi kihistoria zimekaa karibu na bahari na kambi za wanamaji. Kuna sumu ya moshi wa mkaa, hii inatuhusu sana sisi, mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya Dodoma inavyokuwa kali watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani wanafunga madirisha. Ile gesi ukivuta hewa ya kawaida inachukua kama saa 4 mpaka 5 kupungua nusu mwilini, kwenye chemba ni kama dakika 20 na kitu. Kuna mifupa yenye maambukizi sugu, nyama iliyoungua kwa mionzi ya saratani, viungo vilivyopondwa kwenye ajali vikavimba, kusikia kulikopotea ghafla. Na kuna vidonda vya mguu wa kisukari, vile vya kina, vilivyofika kwenye mfupa au vyenye usaha, ambavyo vimetibiwa vizuri na bado havifungi.

Umeona? Vidonda. Ganzi na moto wa nyayo bila kidonda havimo.

Na hata hivyo vidonda wenyewe bado wanabishana. Utafiti wa Sweden uliotoka 2010 ulikuwa na wagonjwa 94, baada ya mwaka mmoja waliopona kidonda kwenye kundi la chemba walikuwa asilimia 52 na kundi lililowekwa chemba ya hewa ya kawaida asilimia 29, matokeo mazuri hayo. Halafu Wakanada wakaja 2016 na wagonjwa zaidi ya 100 hawakuona tofauti kwenye nani anahitaji kukatwa mguu. Waholanzi 2018 nao hawakupata tofauti ya kueleweka. Kama kwenye kidonda, ambako ndo kwao, mambo yako hivyo, kwenye neva tunategemea zaidi panya waliobanwa mshipa wa paja wakawekwa chemba siku hizohizo, na hata hao majibu yao hayaendi njia moja. Mama yako sio panya aliyebanwa jana, ana miezi 8.

Ile kauli ya "mishipa imekufa kwa kukosa oksijeni" ni nusu ya ukweli na ndo maana inauzika. Ni kweli sukari inaharibu vimishipa vidogo vya damu vinavyolisha neva. Ila sukari hiyohiyo inaivuruga neva yenyewe kutoka ndani, namna inavyotumia chakula chake, ganda lake, usafirishaji wake, na zinaanza kufa zile ndefu kuliko zote, ndo maana ganzi inaanza vidoleni mwa miguu inapanda kama soksi. Ukimwekea oksijeni dakika 90, akitoka nje ile ya ziada inaisha ndani ya muda mfupi tu, zile saa 22 na nusu zilizobaki neva zinaendelea kuogelea kwenye sukari. Sasa nani kashinda hapo?

Turudi kwa mama. Metformini ni dawa nzuri, asiiache kwa sababu yangu tafadhali, ila ikitumika miaka mingi inapunguza ufyonzaji wa B12 tumboni, na B12 ikiisha dalili zake ni hizihizi, moto, ganzi, kukanyaga pamba, kuyumba gizani. Ile pamba ndo imenishtua mimi. Na kama chakula chake ni ugali na mlenda siku nyingi, nyama na maziwa mara mojamoja, akiba yake ilikuwa ndogo toka mwanzo. Hii ukiigundua unaitibu kwa sindano za bei ya kawaida kabisa, ukichelewa sana kuna sehemu hairudi. Kwa hiyo kipimo cha B12 ni cha kwanza, kabla ya chochote. Kama kituo cha afya hapo hawana, hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa waulize, au maabara binafsi mjini.

Ila usikimbilie duka la dawa ukanunua vile vidonge vya mishipa vyenye B1, B6 na B12 vya pamoja ukamjaza navyo miezi na miezi. Sababu mbili. Akishavinywa kipimo cha B12 kinadanganya, kinaonekana kizuri. Ya pili watu wengi hawaijui: B6 ikizidi kwa muda mrefu ni sumu ya neva, inaleta ganzi ileile unayoitibu. Nimeshakutana na mgonjwa aliyekuwa anatumia aina tatu za vitamini kutoka maduka matatu, zote zina B6, hakuna muuzaji aliyejua mwenzake kampa nini. Tulichofanya ni kuziacha.

Pia kuna maswali inabidi mama aulizwe kwa heshima, na wewe mtoto wake pengine hutoweza, mwachie muuguzi au shangazi. Ametumia dawa za TB, au zile za kinga ya TB? Mojawapo inamaliza B6 mwilini, ndo maana huwa wanatoa na pyridoksini, yaani B6 yenyewe, sasa kama aliitupa kwa sababu vidonge ni vingi ndo hayo. Anakunywa pombe kiasi gani, na kwa watu wa zabibu swali hili sio la kejeli. Amepimwa VVU? Figo je, tezi ya shingo je? Amewahi kuwa na mkanda wa jeshi? Na nyie wa Hombolo siwafundishi ukoma, kituo cha wagonjwa wa ukoma kimekuwepo hapo kwenu miaka na miaka: baka lililopauka lisilosikia kuguswa, au mshipa mnene kama kamba nyuma ya kiwiko au pembeni ya goti, daktari ashike aangalie. Dawa zake ni bure. Watu wanaona aibu kuitaja hii basi inachelewa, na wakati huo mgonjwa anatibiwa sukari ambayo haina kosa.

Uchunguzi wenyewe ni dakika 10. Kauzi kagumu ka nailoni kanagusishwa nyayoni mama akiwa amefumba macho anasema anasikia au hasikii. Chuma cha uma kinachotetema kinawekwa kwenye kidole gumba cha mguu. Kinyundo nyuma ya kisigino. Asimame ameunganisha miguu, afumbe macho, tuone kama anayumba. Kama kaambiwa mishipa imekufa na hakuna aliyemvua hata viatu, mwanangu, hiyo ni biashara.

Halafu kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, sio ile ya kidole ya asubuhi tu. Kama iko juu ishushwe, ila taratibu! Hili hata baadhi ya wenzangu wanalisahau, mtu aliyekaa na sukari ya juu miaka ukiiangusha ghafla ndani ya wiki chache neva zinaweza kuwaka zaidi kwa miezi kadhaa, mgonjwa anasema dawa zimemdhuru anaziacha zote.

Moto wa usiku una dawa na sio za kutisha. Amitriptilini dozi ndogo ya usiku, mg 10 mpaka 25, ni ya zamani na bei yake ni rahisi, inakausha mdomo na kuleta usingizi, ila kama ana shida ya moyo au presha ya macho daktari ajue kwanza. Ikigoma kuna gabapentini, pregabalini, duloksetini. Hizi hazifufui neva, zinapunguza moto ili alale. Panadol haifanyi kazi hapa, asijichoshe.

Kitu ambacho kingenikosesha usingizi mimi kama angekuwa mama yangu ni ile pamba kuliko ule moto. Moto unamuuma, anaujua. Pamba haiumi. Kuna mzee alikuja kliniki kutoka upande wa Bahi, mfugaji, katambuga zake miguuni, kaja kwa ajili ya presha tu. Nikamwambia vua baba nione miguu, akawa anaona kama nampotezea muda. Kavua ya kulia, mwiba wa mgunga umetoboa tairi, ncha imechungulia ndani karibu nusu kidole, na pale kwenye wayo pana tundu jeusi lenye usaha na harufu. Ametembea nao siku ngapi hajui. Hakusikia kitu, alikuwa anacheka bado wakati mimi nimeshanyamaza. Huyo ndo baadaye anafika kwenye kidonda cha chemba, na huyo ndo simtaki mama yako awe. Kwa hiyo asiingie shambani na ndala, anunuliwe viatu vya kufunika vyenye nafasi, kabla ya kuvaa akung'ute na apitishe mkono ndani, maji ya kuoga apime kwa kiwiko sio kwa mguu, asiote moto jikoni. Na jioni mtu amwangalie nyayo na katikati ya vidole kwa tochi ya simu, yeye mwenyewe kuinama na kuona chini ya wayo ni shida. Kazi hiyo mpe mjukuu, wanaipenda.

Siku akipata kidonda, akatibiwa vizuri, yaani kimesafishwa, mguu umepumzishwa uzito, damu inafika, sukari imekaa sawa, na wiki zinapita hakifungi, hapo mje tuongee chemba upya na nitakuwa upande wenu. Ila na hapo mtaniuliza na mimi nitawauliza: nani daktari anayesimamia, presha ni ngapi, sukari inapimwa kabla ya kuingia? Maana sukari inaweza kushuka akiwa ndani, na dalili zake usizione vizuri kupitia kioo. Mapafu yake yameangaliwa kwa picha? Mwenye hewa iliyovuja nje ya pafu haingii kabisa. Oksijeni nyingi inaweza kuleta degedege, ni mara chache ila ipo, na macho huwa yanabadilika yanaona vya karibu tu kwa muda halafu yanarudi.

Na moto, ile sababu nyingine niliyosema. Mwaka 1997 Milano, Italia, chemba iliwaka watu 11 wakafa, kilichoshukiwa ni kakifaa ka kupasha mikono joto alichoingia nacho mgonjwa. Januari 2025 Michigan, Marekani, mtoto wa miaka 5 alikufa chemba ilipowaka kwenye kituo binafsi. Kwenye oksijeni ya namna ile cheche ndogo haisubiri mtu afungue mlango. Kituo ambacho hakijamwambia mama yako aache simu na mafuta ya nazi nje, mimi simpeleki hata bure.

Niseme na moja pembeni maana najua swali hili litasomwa na mwenye ndugu wa bodaboda. Kijana ameanguka, bega limevutwa, mkono unaning'inia hausikii: huyo habari yake ni tofauti kabisa na ya mama. Neva iliyokatika au kung'oka haioti kwa oksijeni, inahitaji mtaalamu wa upasuaji aione, na dirisha zuri ni miezi 3 mpaka 6 tangu ajali. Neva inaota kama milimita 1 kwa siku, kutoka shingoni mpaka kiganjani hesabu mwenyewe, na misuli ikikaa mwaka mpaka mwaka na nusu bila neva haiamki tena. Wanaokaa nyumbani miezi 10 wakikandwa na kuchangishana hela za vikao wananiumiza kichwa. Apelekwe hospitali ya rufaa mapema, wakisema MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, basi iwe MOI, nauli ya huko ndo iuzie mbuzi.

Mama akishapima B12, nitumie namba pamoja na yuniti yake kama vilivyoandikwa kwenye karatasi, usiniandikie tu "iko kawaida". Maabara moja inaandika pg/ml nyingine pmol/l, 200 ya kwanza ni kama 148 ya pili, kwa hiyo bila yuniti siwezi kusema kitu. Ikiwa chini ya 200 pg/ml asisubiri jibu langu, aanze sindano hapohapo. Ikiwa kati ya 200 na 300 na dalili anazo, mimi huwa natibu. Na picha ya nyayo zote mbili, kwenye mwanga wa jua, vidole vimeachanishwa.